Viota vya Waya Juu ya Durban

Anayetaka kuona kiota cha kunguru Durban asianze na bustani wala misitu ya pwani. Aende Warwick, kwenye makutano ya barabara ambako teksi, mabasi na treni humwaga watu tangu alfajiri, na ambako masoko yamebanana hadi huoni moja linapoishia na lingine linapoanzia. Pana soko la mboga, pana soko la dawa za asili lililotandazwa juu ya daraja la barabara ambayo haikumaliziwa kujengwa, pana wauza nguo, wauza mahindi ya kuchemsha, wasusi wa nywele waliopanga viti kando ya njia, na pana akina mama wanaopika vichwa vya ng'ombe. Kunguru mwenye shingo ya kijivu, huyu tunayemjua sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, hajengi mbali na chakula.

Nilifika mwezi wa Oktoba. Dar es Salaam wakati huo tunalisikilizia joto linavyopanda. Durban ndiyo kwanza baridi imekwisha, mijakaranda imetoa maua ya zambarau, na ndege karibu wote wako katika shughuli moja ya kujenga na kulea. Uzuri wa kufika wakati huo ni kwamba kunguru hawaanzi wote siku moja. Mti huu wanabeba vijiti, mti ule jike amekwisha kukaa juu ya mayai, na kwenye mwembe wa mtaa wa tatu makinda wanapiga kelele. Ukizunguka mji kwa utulivu unauona ulezi wote, tangu kijiti cha kwanza hadi kinda anayejaribu bawa.

Nianze na kijiti cha kwanza.

Karibu na wapika vichwa kuna mti wa jamii ya mkuyu, wenye majani madogo mazito, mizizi imeinua matofali ya njia. Juu kabisa, kwenye panda ya matawi matatu, jozi moja ya kunguru ilikuwa imeanza kazi. Mwanzoni ungedhani ni takataka zilizopeperushwa na upepo zikanasa. Kisha unamwona mmoja anatua na kijiti, anakichomeka, anakivuta, anakigeuza, anakichomeka tena upande wa pili. Kikikataa anakiachia kianguke, na haendi kukiokota. Anaondoka kutafuta kingine. Chini ya mti vijiti vilivyokataliwa vilikuwa vingi kuliko vilivyobaki juu.

Ila vijiti vilikuwa sehemu tu ya kiota. Nyingine ilikuwa waya: waya mwembamba wa kufungia nondo, hanga ya nguo iliyonyooshwa nusu, na zile kamba ngumu za plastiki zinazofunga maboksi ya bidhaa. Nilimtazama dume akihangaika na waya uliokuwa umebaki kwenye kreti lililovunjika. Aliushika kwa mdomo, akarudi nyuma, akauzungusha, akasimama juu ya kreti na kuuvuta kwa uzito wa mwili wake wote. Watu walipita hatua mbili kutoka alipo. Hakujali. Waya ulipokatika aliruka nao moja kwa moja, na jike, aliyekuwa amebaki kulinda, akampisha aupange. Ulinzi huo si bure: kunguru jirani akikuta kiota hakina mtu hubeba vijiti vyake kama mali iliyookotwa. Tabia ya kujengea waya si ya Durban peke yake. Tokyo wanajulikana kunguru wa jamii nyingine wanaojenga kwa hanga za nguo walizoanua kwenye kamba za wenyewe.

Wote wawili hubeba. Jike ndiye anayekaa zaidi ndani, akizunguka na kukandamiza kwa kifua mpaka katikati pabonyee. Kisha hutafutwa matandiko, na hapo ndipo nilipowaona wakishuka hadi miguuni mwa wasusi. Nywele za bandia zinazokatwa ncha huanguka kwa mafungu mepesi meusi. Kunguru anatembea kwa hatua zake za kujiamini, anachagua, anakusanya mdomo ukajaa, anaondoka. Ndani ya kiota nywele hizo hukaa pamoja na nyuzi za nazi, nyasi na vipande vya matambara. Matandiko hayo ni laini, lakini yana hatari yake: uzi mrefu wa plastiki ukimzunguka kinda mguuni hukaza kadiri anavyokua, na asiyejinasua hufa kitandani mwake.

Mama mmoja wa soko la vichwa, mwenye umri wa kuwa mama yangu mdogo, alinikaribisha benchi na kunikatia nyama ya shavu juu ya ubao. Kwa Kiingereza chake na ishara nyingi za mikono alinieleza kwamba mwaka mzima kunguru hukaa juu ya paa na kusubiri, lakini miezi hii hushuka. "Sasa wana watoto," aliniambia. "Hawaogopi hata fagio." Kila alipoinuka kutafuta chenji alifunika nyama kwa sinia. Mifupa na mabaki yake hayakuwa na sinia. Yalikuwa kwenye pipa lisilo na mfuniko, na juu ya pipa kulikuwa na foleni.

Amefikaje huku ndege huyu? Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani, toka Pakistan hadi Sri Lanka na kuendelea mashariki. Zanzibar aliletwa miaka ya 1890, enzi za himaya ya Waingereza, ili ale taka za mji. Kufika 1917 alikuwa amekwisha kuhesabiwa kuwa mharibifu. Mombasa alionekana 1947. Durban alirekodiwa kwa mara ya kwanza 1972, na miaka mitano baadaye akaonekana Cape Town. Ukiziweka tarehe hizo kwenye ramani, unapata njia ya meli.

Hilo nilielezwa vizuri zaidi ukingoni mwa bandari, si kwenye kitabu. Pale karibu na barabara iliyokuwa ikiitwa Victoria Embankment, ambayo leo ni Margaret Mncadi Avenue, nilimkuta mzee wa Kitanga aliyefanya kazi melini ujana wake wote na kuishia kuoa na kuzeekea Durban. Watanzania wako wengi mji huu, hasa upande wa Point, na Kiswahili unakisikia kabla hujakitafuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetoka nyumbani lini?"

"Si zamani, mzee. Nimekuja kuangalia kunguru."

Hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye minara ya taa za bandari, ng'ambo ya maji. "Basi hawa unawajua. Mimi nimewaona wakisafiri. Meli inang'oa nanga Mombasa, wawili watatu wako kwenye mlingoti, wanakula mabaki ya jikoni. Baharia akiwa na huruma anawarushia wali. Bandari ya mbele wakisikia harufu ya jaa, wanashuka."

Wanaochunguza ndege husema mambo hayohayo: kunguru huyu huvuka bahari kwa meli, na mahali popote alipo duniani anaishi pamoja na watu. Hakuna kundi lake linalojulikana kuishi porini peke yake. Uholanzi, kwenye bandari ya Hoek van Holland, ndege wawili walishuka 1994. Walipata mti, wakajenga, wakalea, na kutoka jozi hiyo moja likapatikana kundi la ndege wapatao 30 ambalo serikali ilikuja kuhangaika kuliondoa.

Ile minara ya taa aliyonionyesha mzee ilikuwa na viota pia. Kwenye yadi za bandari miti ni haba, na kunguru asiyepata panda ya mti huridhika na pembe ya chuma. Kwa darubini niliona kiota kimoja ambacho sikuona kijiti hata kimoja ndani yake: waya tupu, umesukwa na kusukwa tena, unang'aa jua likipiga. Nje kidogo ya mji, kwenye nguzo za umeme za njia ya kaskazini, ndipo hujenga binamu yake mkubwa, kunguru mwenye kifua cheupe, ambaye ni mwenyeji halisi wa Afrika. Huyu naye hupenda waya, na kiota chake kikigusa nyaya mbili mvua inaponyesha, umeme hukatika. Shirika la umeme la Afrika Kusini, Eskom, limekuwa na ushirikiano na taasisi ya Endangered Wildlife Trust tangu 1996 kushughulikia migongano ya ndege na nyaya. Kiota cha kunguru ni jambo la mafundi umeme kama lilivyo la wapenda ndege.

Makinda niliwaona Isipingo, kusini mwa mji, kwenye ua wa familia yenye asili ya Kihindi niliyoelekezwa na mzee. Mwembe ulikuwa karibu na nyumba kiasi kwamba ukisimama kwenye roshani ya juu unakitazama kiota kwa jicho la juu kidogo, kupitia pengo la majani. Bibi mwenye nyumba alinipa kiti na kikombe cha chai, akanipa na mwavuli. Nilidhani ni kwa ajili ya jua. Nilipojongea kwenye ukingo nikasikia upepo wa bawa kisogoni. Kunguru hashambulii uso. Hungoja ugeuke, akakupiga kutoka nyuma. Bibi alisema kwa wiki nyingi sasa haanui nguo bila mwavuli, na kwamba ndege hao humjua yeye hata akibadili mtandio.

Kunguru huyu hutaga mayai matatu hadi matano, rangi yake ya buluu inayoelekea kijani, yenye madoa ya kahawia. Jike huyalalia siku 16 au 17 huku dume akimletea chakula. Makinda hawaanguliwi siku moja. Wa kwanza anakuwa amekwisha kula na kunenepa wa mwisho anapotoka ganda, na chakula kikipungua huyo wa mwisho ndiye anayekufa. Kwenye kiota cha Isipingo walikuwa wanne, watatu wakiwa na manyoya yanayochomoza kama sindano za kushonea magunia, na wa nne akiwa nusu ya wenzake. Mzazi alipotua, vinywa vilifunguka vyote, vyekundu ndani, na kelele ikasikika hadi barabarani. Mdogo alifungua kinywa sawa na wengine. Aliinua shingo sawa. Mara nyingi chakula kiliishia kwa aliye juu.

Waliletewa nini? Niliandika kila nilichoweza kukitambua. Mkate uliolowa mchuzi, bila shaka ule mkate wa boflo unaochimbwa katikati na kujazwa mchuzi wa maharage au wa nyama, ambao Durban huuita bunny chow. Viazi vya kukaanga. Kichwa cha dagaa. Mjusi. Kitu cheupe chenye mafuta. Kisha, asubuhi moja, kinda la ndege mwingine.

Niliona lilipotoka. Kwenye ua wa michongoma chini ya roshani kulikuwa na kiota cha shorewanda, kikombe kidogo cha nyasi, na makinda wawili. Wazazi wao nilikuwa nimewazoea. Waliimba tangu kabla ya jua. Kunguru wawili walikuja pamoja. Mmoja alitua wazi juu ya ukuta, shorewanda wote wawili wakamrukia kwa makelele. Wa pili alipita chini, kimya, akaingia kwenye michongoma. Alitoka na kinda la kwanza, akalipeleka juu ya mwembe, akarudi kuchukua la pili. Jambo zima halikuchukua muda wa kumaliza chai. Shorewanda waliendelea kupiga kelele pale ukutani muda mrefu baada ya kunguru kuondoka, na bibi akaingia ndani kwa sababu hakutaka kusikia.

Nami sikutaka. Siwezi kumchukia kunguru kwa kulisha watoto wake. Nimemwona akibeba, akilinda, akinyeshewa na mvua ya usiku bila kuondoka juu ya makinda, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini shorewanda, chozi, njiwa na minana wa pwani yetu wamejifunza kuwakwepa nyoka, mwewe na tumbili kwa maelfu ya miaka. Kunguru huyu, anayelishwa na majaa yetu kiasi kwamba idadi yake haishuki hata vifaranga vya ndege vikiisha, ni jambo ambalo hawakuandaliwa kulikabili. Mwewe akimaliza windo huhama au hufa njaa. Kunguru hurudi kwenye pipa.

Na kuna pengo jingine. Huko Bara Hindi kunguru huyu ana anayemsumbua: ndege wa jamii ya kekeo aitwaye koeli, ambaye hutaga ndani ya kiota cha kunguru na kumwachia kazi ya kulea. Kila mwaka kunguru wengi wa huko hutumia nguvu zao kumkuza mtoto wa mwingine. Afrika Kusini yuko kekeo mkubwa mwenye madoa anayewafanyia hivyo kunguru wenye kifua cheupe. Koeli wa Bara Hindi hakupanda meli. Kunguru alifika Durban, kama alivyofika Zanzibar na Mombasa, akiwa ameuacha nyuma mzigo huo.

Katikati ya mji, ndani ya jengo la City Hall la 1910, kuna Jumba la Makumbusho la Sayansi Asilia la Durban. Humo wana mifupa ya dodo, yule ndege wa Mauritius asiyeruka, aliyemalizwa na mabaharia pamoja na wanyama waliokuja nao melini. David Allan, aliyekuwa msimamizi wa ndege wa jumba hilo, pamoja na Greg Davies, walichapisha mwaka 2005 katika jarida la Ostrich utafiti juu ya namna kunguru hawa wanavyozaliana Durban. Nilifurahi kujua kwamba, mbali na wanaotaka kuwaua ndege hawa, kuna watu waliosimama chini ya miti na kutazama wanavyoishi. Afrika Kusini ina sheria ya bioanuwai ya 2004 na kanuni za viumbe vamizi, na kunguru huyu ameorodheshwa humo miongoni mwa wale ambao lazima wapigwe vita.

Sisi nasi tumepiga vita. Zanzibar na Dar es Salaam zimetumia mitego na sumu, na Kenya ilitangaza Juni 2024 kwamba inakusudia kuua kunguru milioni moja pwani kabla ya mwaka kwisha. Sumu inayotumika, iitwayo Starlicide, huwekwa kwenye nyama baada ya kunguru kuzoeshwa kula mahali fulani bila sumu. Huua polepole, ndege akafia mbali, wenzake wasijue kilichomuua. Lazima iwe hivyo, kwa kuwa kunguru akishuhudia mwenzake akifa kwenye mtego huuepuka mtego huo.

Sipingi. Baada ya Isipingo siwezi kupinga. Ninachosema ni kwamba sumu inayowekwa kando ya pipa lililo wazi ni fedha iliyotupwa. Ukiwaua wengi, waliobaki wanapata chakula zaidi, panda za miti zaidi, na yule kinda wa nne ambaye angekufa njaa anaishi. Na ukiua katikati ya msimu wa kulea, unawaacha makinda juu wakilia hadi wanyamaze, jambo lisilo la lazima kwa mtu mwenye kalenda. Kazi ifanyike kabla hawajataga. Mifuniko ya mapipa ije kwanza, machinjio na masoko ya samaki yafuate, kisha sumu na mitego, kisha watu wa kupanda miti kuondoa viota vinavyojengwa upya, kwa maana vitajengwa upya: jozi niliyoitazama Warwick ilipoteza nusu ya kiota kwa upepo wa usiku, na kulipokucha dume alikuwa tena juu ya kreti.

Makinda wakikaa kiotani karibu wiki nne, kisha wakaendelea kulishwa na wazazi wao hata baada ya kuruka, jozi moja inakuwa familia ndani ya msimu mmoja. Ndiyo maana mahali pa kushinda vita hii ni pale ambapo kunguru huyu ndiyo kwanza anafika. Kenya amekwisha kufuata barabara kuu kutoka Mombasa kwenda bara, kituo cha malori hadi kituo cha malori. Kwa hiyo wewe msomaji uliye mji wa bara, ambako hujawahi kumwona kunguru mweusi mwenye shingo na kifua cha kijivu, siku utakapomwona ana kijiti au waya mdomoni, tazama anatua mti gani, piga picha, na umpelekee taarifa ofisa wa wanyamapori wa wilaya yako siku hiyohiyo, kabla jike hajaanza kulalia.